Ukurasa wa 141

Kamati inataka hesabu kabla ya Ijumaa:
Profesa Orest Wasylenko amenukuliwa mara ngapi,
na nani, wapi, kwa uzito gani.
Mimi ni mkutubi. Nahesabu vidole
vilivyonyooshwa kumwelekea mtu mmoja
ambaye sasa hivi, chini ya dirisha langu,
anakwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi ya benki.

Saskatoon, Februari. Thelathini chini ya sifuri.
Hata neno linatoka kinywani likiwa na moshi.

Makala yenyewe ni fupi, ya mwaka themanini na saba.
Vifundo, kingo, na swali la mtu aliyekwama barabarani:
greda la theluji lipite vipi kila mtaa
bila kurudia lilikokwisha pita,
livuke madaraja, lirudi yadi mafuta yangalipo?
Watu wakalichukua swali, wakalivua koti,
wakalivisha mishipa ya damu, nyaya za simu,
uvumi, vifurushi, ugonjwa wa ng'ombe.
Nukuu elfu moja mia tisa kumi na mbili.

Ningeandika namba hiyo nikaenda zangu kunywa chai.
Lakini nina ugonjwa wa kufungua.

Hoja yake kuu iko ukurasa wa 141.
Waandishi elfu moja na mia tatu wameandika 114.
Nikalitafuta jarida lenyewe ghalani, kitabu cha karatasi.
Ukurasa wa 114 kuna bwana mwingine kabisa
anaeleza namna ya kukausha mbegu za kitani.

Basi mmoja alikosea, wa pili akamwiga,
wa tatu akamwiga wa pili asiyewahi kumwona wa kwanza,
na wote wakaandika kwa heshima: *kama alivyothibitisha*.

Nikashika njia ya mwenyewe, hatua zake zile zile:
kila makala kifundo, kila kunakili mshale,
nikarudi nyuma dhidi ya mishale siku tatu usiku.
Kutoka Pune nikaangukia Leeds, Leeds ikanitupa Seoul,
matawi yakapungua, yakawa matano, yakawa mawili.
Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani;
na haya marejeo, kweli, yalinirudisha ngamani:
mwaka themanini na tisa,
Wasylenko, O., akijinukuu mwenyewe.
114.

Nilimbishia hodi nikiwa na karatasi mkononi.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Niliandika kwa kichwa," akasema.
"Nilidhani mtu hasahau namba ya nyumba yake."
Kisha, taratibu: "Na hao mia sita waliobaki,
waliosema 141, hao basi wamenisoma?"
"Mia sita kumi na wawili," nikasema.
"Baadhi yao wamewaiga waliokusoma."
Hapo hakucheka.

Nikamwachia mezani ile ambayo haimo kwenye hesabu,
kwa kuwa faharasa haihesabu karatasi za idara ya barabara:
kurasa nne, zimebanwa kwa pini yenye kutu,
Verna Ledoux, mpangaji wa magreda, mwaka tisini na nne.
Pembeni, kwa kalamu ya risasi:
*Uk. 141, mstari wa tatu. Haifai Mtaa wa 20.
Kuna shule, watoto huvuka saa mbili kasoro.
Nimegeuza mshale.*

Aliusoma mstari ule kama anayesomewa hukumu
na kugundua kwamba hakimu alikuwa makini.
"Yuko sahihi," akasema. "Uzito wa ukingo hubadilika na saa.
Miaka yote hii sikuliona."
Akaomba nakala. Akaomba pia ile pini.

Ijumaa nikapeleka namba: 1,912.
Kamati ikashukuru kwa usahihi wangu.

Leo kabla ya mapambazuko nimesikia greda likiunguruma.
Nimesimama na soksi mbili miguuni, nikilitazama:
limefika kona ya shule, likasita,
likawasha taa ya manjano,
likageuka upande ambao makala haikuuonyesha.